Sultani Katoka, Karibu Ndani

Kabla hujakata tiketi ya boti, amua kwanza unataka kasri la namna gani: lililoungua, lililopigwa mizinga, lililoporomoka, au lililohamwa likaachiwa popo. Unguja yapo yote manne, na yote ni ya ukoo mmoja, wa Al Busaidi kutoka Oman, waliotawala hapa hadi Januari 1964. Lile zima, lenye taji juu ya mto wa hariri na mfalme anayepunga mkono dirishani, halipo. Anayelitaka hilo aende London, akasimame nje ya geti na mwavuli kama wenzake.

Mwongozo huu ni wa mgeni wa jirani, yule wa Dar, Mwanza au Mombasa, aliyeshawishiwa na shemeji yake kwamba Pasaka hii "twendeni tukaone kasri la Sultani". Ana siku moja, watoto wanne, hotpoti la pilau, na shangazi ambaye magoti yake hayapatani na ngazi. Watalii wa Ulaya wana vitabu vyao. Wewe una kundi la WhatsApp, ambamo kwa wiki nzima mtajadili rangi ya sare na mchango wa nauli, na hakuna hata mmoja atakayeuliza kama kasri lenyewe liko wazi. Vizuri. Swali hilo liacheni mpaka mfike mlangoni, maana mkiliuliza mapema mnaweza kujibiwa.

Kuhusu mavazi, fuateni desturi: kina dada wavae mchuchumio unaopendeza pichani, kisha waubebe mkononi siku nzima. Mabega na magoti yafunikwe. Si kwa heshima ya Sultani, ambaye hayupo kukuona, bali kwa heshima ya wazee waliokaa barazani, ambao wapo na wanaona kila kitu.

Mkishuka bandari ya Malindi mtapokewa na papasi kabla hamjapokewa na nchi kavu. Atamwita shangazi "mama mkubwa", wewe "bosi", na kabla hujajibu salamu atakuwa ameshawauzia kisiwa cha Changuu, kobe, viungo na teksi ya binamu yake. Usimkubali mara moja, ila usimfukuze pia. Kati ya watu wote utakaokutana nao leo, papasi ndiye mwanahistoria pekee asiye na shaka na jambo lolote. Mwambie unatafuta kasri. Atakuuliza, "Lipi, bosi?" Hapo ndipo utakapogundua kwamba hukujiandaa.

Fuateni barabara ya Mizingani, bahari ikiwa mkono wa kulia. Mtalipita kasri halisi bila kulitambua. Ni jengo jeupe lisilo na mnara wala mbwembwe, na kwa hiyo kila kundi hulipa mgongo likaenda kujipanga mbele ya jirani yake mrefu, Beit al-Ajaib, kupiga picha ya "kasri la Sultani". Msijisumbue kurekebishana. Mjenzi wake alitaka hasa mfanye hivyo.

Huyo ni Seyyid Barghash, aliyelisimamisha mwaka 1883 kwa ajili ya sherehe na kwa ajili ya kuwafumbua macho wageni. Ndilo lililokuwa jengo la kwanza mjini kuwaka umeme, na kwa masimulizi ya wengi lifti ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipanda na kushuka humo. Papasi ataongeza kwamba mlango mkubwa ulifanywa mpana ili Sultani aingie amempanda tembo. Pokea habari hiyo kwa adabu. Usiulize tembo alilala wapi, wala ile lifti ilinunuliwa kwa ajili ya yupi kati yao wawili.

Barghash mwenyewe alikuwa mtalii wa makasri, na aliyaona mengi kwa gharama za watu wengine. Mwaka 1859 alijaribu kumpindua kaka yake, Seyyid Majid. Nyumba yake ikazingirwa, akatoroka amevaa nguo za kike, akashindwa, akapelekwa Bombay kutulia. Akakaa huko akitazama majumba. Alipokuwa Sultani alialikwa Uingereza mwaka 1875, akakutana na Malkia Victoria, akatazama majumba mengine. Akarudi na mawazo. Ndiyo hasara ya kumpeleka mtu matembezi: miaka michache baadaye ameshajenga. Ila tumpe haki yake. Ni huyu huyu aliyeleta mjini maji ya mabomba kutoka chemchemi za upande wa Bububu, na kazi hiyo ina faida kuliko lifti yoyote, lakini hakuna familia iliyowahi kuvuka bahari kwenda kupiga picha na bomba.

Sasa, Beit al-Ajaib ina historia inayomfaa mtu yeyote anayesimamia majengo ya umma. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla, na Khalid, mwana wa Barghash, akaingia kasrini bila kusubiri idhini ya Waingereza. Wakampa muda hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27 awe ametoka. Hakutoka. Dakika mbili baada ya saa tatu manowari zikafungua mizinga, na haikutimia hata saa moja bendera ikawa imeshuka. Mtembezaji atakuambia kwa fahari kwamba hivyo ndivyo vita vifupi kuliko vyote duniani, na wageni watacheka, maana wao wenyewe wamekaa kwenye foleni ya boti muda mrefu zaidi. Chekeni, ila mjue kwamba waliouawa na kujeruhiwa upande wa kasri wanakadiriwa kufikia 500.

Katika mizinga hiyo kasri la Beit al-Hukm liliharibiwa kabisa, Beit al-Sahel likachakazwa, na Beit al-Ajaib, lililokuwa hapo hapo katikati ya moshi, likabaki limesimama. Likaongezewa mnara wa saa. Likawa ofisi za serikali ya kikoloni, na baada ya Mapinduzi likawa la chama, kisha likawa makumbusho. Mwaka 2012 sehemu moja ikadondoka. Tukahuzunika, tukaunda mipango. Tarehe 25 Desemba 2020, likiwa kwenye ukarabati, upande wa mbele ukaporomoka pamoja na mnara, na watu wawili wakapoteza maisha. Yaani jengo liliwashinda wapiga mizinga wa Malkia, likashindwa na subira yetu. Tangu hapo limekuwa la mafundi kuliko la wageni, kwa hiyo ulizeni hali yake mkifika, na mkikuta mabati, pigeni picha na mabati. Nayo yatakuwa historia siku moja.

Rudini basi kwenye lile jeupe mlilolipa mgongo. Lililopo leo lilijengwa upya baada ya mizinga ya 1896, na humo ndimo walimoishi masultani hadi 1964. Baada ya Mapinduzi likaitwa Kasri la Wananchi, na wananchi wengi hawakuingia. Mwaka 1994 likawa makumbusho, na tangu hapo mwananchi anaweza kuingia akilipa. Kwenye dirisha la tiketi kuna bei ya mwenyeji na bei ya mgeni kutoka nje. Hapo ndipo binamu yenu aliyekaa Toronto, ambaye tangu asubuhi amekuwa akisema "sisi kule", atakapokumbuka ghafla kwamba kitovu chake kimezikwa Tanga.

Ndani, jiandaeni kutahayari. Mmekuja kutafuta dhahabu. Mtakuta viti vizito vya mpingo, picha za masultani wenye macho ya uchovu, na kisha, juu, samani za Seyyid Khalifa bin Harub, aliyetawala tangu 1911 hadi 1960, zikiwemo za fomaika. Ndiyo, fomaika. Kabati la mtawala wa Zanzibar linafanana kabisa na lile alilonalo shangazi chumbani, lile ambalo mlango wake haufungi. Shangazi atasimama mbele yake kwa muda mrefu kuliko alivyosimama mbele ya kitu kingine chochote, kisha ataondoka akitembea kwa maringo. Mwacheni. Ni yeye peke yake katika msafara wenu atakayekuwa amekutana na mfalme.

Mkitoka, upande wa pili wa ukuta kuna makaburi ya ukoo. Seyyid Said, baba wa Majid na Barghash, yumo, na kuna kuba lililoanzwa kujengwa juu yake likaachwa bila kwisha, kwa kuwa wao ni Waibadhi, na dhehebu hilo halipendi kaburi lijisifu. Msipoteze muda mwingi hapo. Hapapendezi pichani.

Kuna chumba kimoja cha kasri ambacho ningewaomba msikipite mkikimbilia chakula, nacho ni cha Bibi Salme. Yeye ndiye aliyefanya ziara ya kasri iliyopangwa vibaya kuliko zote, na kila kosa mtakalofanya nyinyi, yeye alilifanya kwanza, kwa manowari.

Salme alizaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni, binti wa Seyyid Said na Jilfidan, suria Mcherkesi aliyeletwa utotoni. Wasichana wa kasri walifundishwa kusoma, kuandika hapana. Akajifundisha kwa siri, akinakili herufi za Msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia. Ujuzi huo ulimponza mapema: Barghash alipoasi mwaka 1859, mwandishi wa barua za waasi alikuwa dada yake huyu mwenye miaka 15. Uasi ukafeli, Majid akamsamehe, na ndugu wengi hawakumsamehe kwa kusamehewa. Mwaka 1866, akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani aliyekuwa jirani yake, Heinrich Ruete, akatoroka kwa manowari ya Waingereza hadi Aden. Huko akabatizwa Emily, akaolewa, akaenda Hamburg. Mwaka 1870 mumewe akagongwa na tramu akafa, akamwachia watoto watatu na baridi.

Basi mwaka 1885 akaamua kutembelea nyumbani. Alifika akiwa na manowari za Kijerumani, akidai urithi wake, wakati ambapo Bismarck, kansela wa Ujerumani, alikuwa akimbana Barghash kuhusu bara. Yaani alikuja kumwomba kaka yake fedha akiwa amefuatana na watu waliokuja kumnyang'anya kaka huyo nchi. Barghash, ambaye Salme alimwandikia barua za siri za uasi akiwa msichana, sasa alikuwa Sultani, na hakutaka hata kumwona. Wajerumani walipopata walichokitaka bara, hamu ya urithi wa Bibi Salme iliwaishia. Kwa hiyo, mkipanga ziara, chagueni kwa makini mtu wa kuwalipia nauli.

Jambo la kututia moyo ni kwamba hata yeye alikuta magofu. Alipokwenda Mtoni, miaka 19 tu tangu atoroke, kasri alimozaliwa lilikuwa limeshachakaa kiasi cha kutotambulika. Kwa hiyo msije mkalaumu karne hii kwa kila kitu. Ndugu zake walipendelea kujenga jipya kuliko kupaka chokaa la zamani, tabia ambayo ndugu yangu wa Kigamboni ameirithi bila kuwa na damu ya kifalme.

Kitabu alichokichapisha Ujerumani mwaka 1886 ndicho kasri pekee la Unguja ambalo paa lake halijadondoka. Mwongozo wa kawaida ungekushauri ukisome kabla ya kwenda. Mimi sikushauri hivyo, kwa sababu ukikisoma utaanza kumsahihisha mtembezaji, na mtu wa namna hiyo hapewi kiti cha dirishani kwenye daladala. Humo mna ua la Mtoni lenye tausi, paa, heroe na mbuni wanaotembea ovyo. Mna watoto wanaokusanya mayai na kumpelekea mpishi mkuu ili awape vitu vitamu. Mna baba mwenye mguu uliojeruhiwa vitani, akipita huku na huku katika baraza yake ya duara iliyotazama bahari, na hakuna aliyejua anawaza nini. Salme anasema watu wa Mtoni walifika kama elfu moja. Mkifika leo mkahesabu kuta, wapangeni nyinyi wenyewe hao elfu mahali pa kulala.

Njia ya Mtoni ni daladala za Bububu. Ulizeni kwanza kama gofu linaingilika, maana mahali penye uzuri kama pale hapakosi mtu mwenye ramani ya hoteli. Ila kabla ya Mtoni mtapita Maruhubi, na hapo lazima mshuke, kwa kuwa kila mtu hushuka.

Maruhubi nalo ni la Barghash, la mwanzoni mwa miaka ya 1880, likaungua mwaka 1899. Zimebaki nguzo nene zilizobeba roshani ya mbao, zimepanga safu na hazina cha kubeba. Kumebaki pia hamamu, na bwawa lenye mayungiyungi. Marumaru hazipo, na hakuna anayekiri kwamba ziko sebuleni kwake. Mtembezaji atakusimamisha katikati ya nguzo, atashusha sauti, na kukuambia kwamba humu Sultani aliweka mke mmoja na masuria 99. Wanaume wa msafara watanyamaza kwa heshima. Shangazi atasonya.

Itazameni vizuri hesabu hiyo. Mia moja kamili ingetia shaka. 99 inaonekana kama kuna mtu aliyehesabu. Jaribuni kumwomba mtembezaji majina. Si yote 99, matano tu. Atawaonyesha mnazi. Katika saa nzima ya maelezo mtaambiwa wanawake hawa walivyopangwa, walivyoogeshwa, na kwa baadhi ya watembezaji, walivyouawa wakichukiza, kila mmoja akisimulia kifo cha aina yake kulingana na bahasha anayoitarajia. Lakini hawana jina hata moja, wala kwao. Jilfidan tunamjua kwa sababu binti yake aliiba kalamu. Hawa wengine ni namba ya kuchangamshia wageni, na namba yenyewe haijulikani imetoka wapi.

Na msiulize nani alibeba mawe. Swali hilo huharibu chakula cha mchana. Makasri haya yalilipwa na karafuu na pembe za ndovu, na karafuu na pembe zilibebwa na watu walionunuliwa. Mkitaka kuona risiti, iko Mkunazini, mwendo mfupi kutoka Forodhani, palipokuwa na soko la watumwa hadi Barghash, akishinikizwa na Waingereza, alipotia saini kulifunga mwaka 1873. Leo pana kanisa la Kianglikana, na uani kuna shimo lenye sanamu za watu waliofungwa minyororo. Ratiba nyingi huiweka Mkunazini siku moja na kasri siku nyingine, kama vile ni habari za visiwa viwili. Nyinyi wekeni siku moja, na mwende Mkunazini kwanza. Mtaona jinsi lifti ya Beit al-Ajaib inavyobadilika sura.

Kama muda bado upo, kuna Kidichi, hamamu za Kiajemi alizojenga Seyyid Said kwa ajili ya mke wake kutoka Uajemi, zenye ndege na maua ya lipu ukutani. Ni pazuri, ni padogo, na watoto watauliza mara tatu kama choo kinafanya kazi. Kuna Dunga pia, katikati ya kisiwa, gofu la Mwinyi Mkuu, cheo cha watawala wa wenyeji waliokuwa na ngoma na siwa zao kabla Waomani hawajahamishia makao hapa, na ambao wa mwisho wao alifariki mwaka 1873. Huko hamtakuta foleni wala papasi. Mtu akikuambia kwamba wafalme wa Unguja walikuwa Waarabu watupu, mpeleke Dunga, kisha mwache huko mpaka daladala ya kurudi ipite.

Jioni mtakula Forodhani, mbele ya makasri yaliyofungwa, na hapo hamhitaji ushauri wangu. Ulizeni bei kabla ya kuuma.

Limebaki suala la kutoka, ambalo waandishi wa miongozo hulipuuza, ingawa katika makasri haya ndilo lililowasumbua wenyeji wenyewe. Jamshid bin Abdullah, Sultani wa mwisho, aliwahi: asubuhi ya Mapinduzi, tarehe 12 Januari 1964, alipanda meli yake ya kifalme akaondoka, na baada ya kuhangaika akafika Uingereza, ambako aliishi Portsmouth kwa miongo mingi. Khalid hakuwahi. Mwaka 1896, mizinga ikiendelea, alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, na Waingereza wakaweka walinzi nje, wakimsubiri akanyage tu udongo wa Zanzibar wamkamate. Akakaa humo zaidi ya mwezi. Tarehe 2 Oktoba, maji yalipojaa, Wajerumani wakaleta mashua hadi kwenye lango la ubalozi lililoelekea baharini, na mtu huyo akatoka ndani ya uzio akaingia mashuani bila kugusa hata mchanga, akapelekwa Dar es Salaam, walinzi wakitazama.

Nyinyi hamna ubalozi wenye lango la baharini, na boti yenu haifuati mtu alipo. Fikeni bandarini saa nzima kabla ya muda, kitambulisho mkononi.